Manyoya ya Jogoo au Singa za Mbuzi: Ufunge Jigi Ipi kwa Maji ya Lamu?

Wengi huchagua jigi kwa jina la samaki. Hii ya nguru, ile ya kolekole, hiyo ya tewa. Na muuzaji naye atakupangia hivyo hivyo. Mimi huanza na swali jingine: jigi hii itakuwa ikivutwa moja kwa moja nyuma ya chombo, au itakuwa ikipanda na kushuka chini ya mkono wangu? Ukishalijibu hilo umekaribia kujua kama ufunge manyoya au singa. Jina la samaki litaamua mambo mengine, hasa waya na ukubwa wa ndoana.

Kwa asiyezifahamu, jigi ni ndoana iliyomiminiwa kichwa cha risasi. Kitundu cha kufungia mshipi hukaa juu ya kichwa, kwa hiyo ikining'inia ncha ya ndoana hutazama juu, na ndiyo sababu hainasi mwambani upesi kama ndoana ya chambo iliyofungiwa chubwi. Nyuma ya kichwa hufungwa vazi lake, ama manyoya ya ndege ama nywele za mnyama, ndizo singa. Vazi hilo ndilo linalomhadaa samaki, maana risasi peke yake haina uhai. Na yakiingia majini, manyoya na nywele hayafanyi kazi moja.

Vikilowa

Unyoya una uti katikati na vinyuzi pande mbili. Ukivutwa, vinyuzi hulala na unyoya wote huwa mwembamba. Ukisita kidogo, hufunguka tena. Unapata mchezo bila mkono kujichosha. Lakini jogoo mmoja hukupa manyoya ya tabia mbalimbali. Ya shingoni ni membamba yenye ncha. Ya mgongoni, pale karibu na mkia, ni marefu zaidi na hunyumbulika. Kisha kuna yale ya chini, laini kama sufi, ambayo uti wake ni mdogo mno. Mawili ya kwanza hustahimili kasi. Haya ya mwisho hayastahimili: ukiyavuta mbio yanagandamana na shina la ndoana, samaki anaona chuma kitupu.

Unywele hauna vinyuzi. Unachopata kwenye singa ni ujazo: fungu lake husimama, husukuma maji, na halisinyai likivutwa. Ukinyanyua jigi, singa hulala kidogo. Ukiiachia, hutanuka na kuizuia isizame kama jiwe. Singa zilizoipa jigi hii sifa kule Marekani ni za mkia wa kulungu wao mwenye mkia mweupe. Zina uwazi ndani, hasa upande wa shina, kwa hiyo huelea kiasi na hutawanyika zenyewe uzi ukizikaza. Za mbuzi hazina uwazi wa namna hiyo. Hazitawanyiki sana na huzama upesi zaidi, jambo ambalo kwa mvuvi wa ziwani Marekani lingekuwa kasoro, lakini kwa mikondo yetu mimi nalihesabu kuwa faida.

Mkia wa ndama nao unafaa. Nywele zake zimejikunja, kwa hiyo fungu dogo huonekana kubwa. Mkia wa ng'ombe mzima una singa ndefu zilizonyooka, nzuri kwa jigi kubwa. Na kwa kuwa swali hili halikosekani Lamu: hapana, singa za punda hazifai. Ni nene, ngumu, zinateleza kwenye uzi, na majini hukaa zimenyooka bila kucheza. Waache punda wa watu na mikia yao.

Chombo kikiwa kinakwenda

Mashua yenye upepo mzuri wa kaskazi nyuma ya tanga huenda maili 4 hadi 6 za baharini kwa saa. Boti ya injini inayorambaza jodari, yaani inayovuta mishipi nyuma yake, hupelekwa kati ya 5 na 8. Katika mwendo huo singa hazina nafasi ya kuonyesha kazi yake. Zinalazwa na maji, na fungu likiwa nene jigi huanza kuyumba au kupanda juu ya maji. Hapa manyoya ya mgongoni ya jogoo hayana mpinzani. Kabla mavazi ya plastiki, zile sketi za jigi, hayajaenea, kichwa cha risasi chenye manyoya kilikuwa miongoni mwa vyambo bandia vya kawaida vya kurambazia jodari, na Wajapani bado huvua jodari wadogo kwa fimbo na ndoana isiyo na kijino iliyovishwa manyoya.

Namna ya kuyafunga ina uzito kuliko rangi yake. Kila unyoya una upande uliobonyea na upande uliobinuka. Ukiweka manyoya matatu au manne kila upande wa shina, pande zilizobonyea zikitazamana ndani, vazi litakuwa jembamba na litakwenda moja kwa moja hata kwa kasi kubwa. Ukizigeuza zitazame nje, manyoya yatapanuka na kufumba kila mshipi unapolegea na kukaza. Hiyo ni ya mwendo wa taratibu, chombo kikiwa na upepo mdogo, au ya kuvuta kwa mkono. Jigi mbili za jogoo mmoja, na tabia zake ni tofauti kabisa.

Urefu nao una mtego wake. Manyoya ya sentimita 12 nyuma ya ndoana fupi ni karibisho kwa mzia na nguru kukata mkia na kwenda zao. Nguru hupenda kupiga nyuma. Ama upunguze manyoya mpaka yapite ndoana kwa sentimita 3 au 4 tu, ama ufunge ndoana ya pili nyuma kwa kipande kifupi cha waya, ikifichwa katikati ya vazi. Mimi ni wa kundi la pili ikiwa natafuta nguru, na wa kundi la kwanza ikiwa ni sehewa, ambaye humeza bila mashauri.

Kwa mshipi wa mkono, uachie nyuma mita 20 hadi 40, nje ya povu la chombo. Kati ya mshipi na chombo tia kitanzi cha mpira wa tyubu ya baiskeli: nguru akipiga, mpira unanyumbuka kwanza, na mshipi haukatiki wala kidole hakikatwi. Sehewa wakiwa wametanda juu ya maji wakifukuza dagaa, mlolongo hufanya kazi kuliko jigi moja. Funga vichwa vinne au vitano vidogo vyenye manyoya, bila ndoana, vikifuatana kwenye mshipi mmoja, na cha mwisho ndicho chenye ndoana. Samaki anaona kundi linalokimbia na anamshambulia anayebaki nyuma.

Nitapita haraka kwenye nyuzi za ndoana ndogo nyingi zilizovishwa vipande vya manyoya, zile Wajapani wanazoziita sabiki. Ni za kuvulia vibua na una wa kufanya chambo hai. Kwa kazi hiyo manyoya yametosha na hakuna haja ya kufikiria singa.

Chombo kikiwa kimesimama, maji yakienda

Hapa ndipo Lamu inapotofautiana na sehemu nyingi za pwani, na ndipo ningependa mtu akae na kufikiri. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na yote hayo lazima yapite kwenye milango myembamba: kati ya Shela na Ras Kitau, kwenye Mkanda baina ya Manda na bara, na upande wa Kipungani. Samaki wakubwa hawapotezi nguvu zao katikati ya mkondo. Hukaa nyuma ya mwamba, kwenye ukingo wa fungu, au pale kina kinapobadilika ghafla, wakingoja kinacholetwa. Kazi yako ni kuipitisha jigi mbele yao ikiwa inashuka, kwa sababu kolekole, chewa na tewa hula zaidi wakati jigi inaposhuka kuliko inapopanda.

Katika kazi hii singa za mbuzi huyashinda manyoya marefu mara mbili. Kwanza, ikishuka bila kuvutwa, jigi ya manyoya marefu hujiviringisha: manyoya yanapita chini ya mpindo wa ndoana na kukwama hapo. Unanyanyua na kushusha robo saa nzima bila kujua kwamba huko chini umening'iniza donge. Singa fupi hazifiki kwenye mpindo, kwa hiyo hazinasi. Pili, singa hukuwezesha kuongoza kasi ya kuzama bila kubadili uzito. Jigi tatu za gramu 40, moja yenye singa chache, moja ya wastani na moja nene, zitashuka kwa kasi tatu tofauti. Maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, chukua nene, ili jigi ikae machoni pa samaki muda mrefu. Bamvua ikikimbia, chukua yenye singa chache, maana ile nene itabebwa na mkondo kabla haijagusa chini.

Watu hukosea zaidi kwenye wingi wa singa kuliko kwenye aina yake. Mkononi, jigi iliyonona inapendeza. Majini ni mto wa kulalia. Kwa gramu 30 hadi 40, fungu lote likibanwa lisizidi unene wa penseli. Gramu 10 inataka nusu ya hapo au chini yake.

Uzito wenyewe unapimwa kwa mkono: jigi ikigusa chini lazima uisikie. Usipoisikia, ongeza. Kwenye kilindi cha pima 5 au 6 na maji yanayokwenda wastani, gramu 30 hadi 60 hutosha. Siku za bamvua kubwa hata 80 inaweza kuonekana nyepesi, na hapo ni busara kungoja maji yapunguze nguvu kuliko kuendelea kuongeza risasi. Saa ninayoipenda ni ile inayotangulia maji kusimama na ile inayofuata, yakianza kugeuka.

Namna ya kuichezesha: iache ifike chini, kaza mshipi, betua kwa kiwiko kama nusu mita, kisha ishushe ukiwa umeufuata mshipi kwa ncha ya rodi au kwa vidole, usiulegeze wala usiuzuie. Mshipi ukilegea kabisa, samaki atakula na kutema bila wewe kusikia. Ukiubana sana, jigi haishuki, inazunguka katikati ya maji. Baada ya kubetua mara mbili au tatu, ngoja. Kungoja huko ndiko watu wa rodi mpya wasikokuweza. Wanapampu mchana kutwa, kisha wanasema mahali hapa hapana samaki.

Ukitaka kuongeza harufu, chomeka kipande chembamba cha ngisi kwenye ndoana. Singa zinakivumilia. Manyoya yakikutana na ute wa ngisi hushikana, na hapo umeondoa sababu ya kuyafunga.

Vijito vya mikokoni

Kwenye hori, ndani ya vijito, maji yakiwa mita 1 au 2 na yametulia, hesabu inabadilika tena. Hapa jigi ni ya gramu 5 hadi 10, unaitupa kando ya mizizi na kuivuta polepole sana, ukisita kila baada ya viganja viwili. Yale manyoya laini ya chini, yasiyofaa kabisa nyuma ya mashua, hapa ndiyo yanayotakiwa. Hucheza hata jigi ikiwa imesimama, kwa mkondo mdogo usiouona kwa macho. Changu wadogo, karambisi wachanga na mizia wa mikokoni huifuata jigi hadi karibu na chombo kabla hawajaamua, na jigi isiyocheza ikisita ndiyo huwafukuza. Singa laini za ubavuni mwa mbuzi zinaweza kushika nafasi hiyo, lakini ni suluhu ya dharura.

Meno

Kwa uimara, singa zimeshinda na hakuna haja ya kubishana. Nguru mmoja akikuachia jigi ya manyoya, mara nyingi vazi limekwisha. Uti ukikatwa, unyoya wote umekwenda. Singa akizikata, zinapungua chache, na jigi inaendelea na kazi ikiwa imenyolewa kidogo. Mzia vivyo hivyo. Anayevua kwa riziki, mwenye siku nzima baharini na jigi sita kopo zima, lazima alihesabu hilo.

Kuhusu waya, usidanganywe na aina ya vazi. Nguru na mzia wanataka kipande cha waya cha sentimita 20 hadi 30, uwe na manyoya au singa. Kolekole, chewa na tewa hawakati. Wanasaga na kukimbilia mwambani, kwa hiyo nailoni nene ya milimita 0.8 au zaidi ni bora kuliko waya, ambao huipunguzia jigi mchezo. Kwenye mkondo unakoweza kukutana na wote wawili, ninakubali kupoteza jigi moja moja kwa mzia kuliko kutia waya na kukosa kolekole. Mwingine ataona tofauti, na ikiwa jigi zake amezinunua nitamwelewa.

Rangi, na maji ya Sabaki

Mpwa wangu aliniuliza hili akiwa ameshika uzi mwekundu tayari.

"Mjomba, nifunge nyeupe au nyekundu?"

"Utashusha pima ngapi?"

"Kumi hivi."

"Basi hiyo nyekundu yako ikifika huko itakuwa nyeusi."

Nyekundu ndiyo rangi inayomezwa na maji mapema kuliko zote; ndani ya mita 10 za mwanzo imekwisha kufifia. Haina ubaya juu ya maji, na ukosi mwekundu nyuma ya kichwa cha jigi ya kurambazia wengi huupenda. Chini haina maana kubwa. Nyeupe hufanya kazi karibu kila mahali penye maji safi, na ningekuwa na rangi moja tu ingekuwa hiyo.

Maji yakichafuka, mambo ni mengine, na hapa wenzetu wa Malindi wana shida kuliko sisi. Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini ya mji, na wakati wa kaskazi mkondo wa pwani hulisukuma tope hilo kusini, kuelekea ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi husukumwa upande wa pili. Kwa hiyo mvuvi wa Malindi anaweza kuwa na bahari tulivu ya Desemba yenye rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua za vuli. Kwenye maji hayo samaki huhisi kabla ya kuona, na fungu nene la singa linalosukuma maji lina faida kuliko unyoya mwembamba. Rangi iwe nyeusi au ya giza, ionekane kivuli chake dhidi ya mwanga wa juu. Sisi tuna hali kama hiyo ukishuka kuelekea Kipini, Tana inapomwaga, lakini mikondo ya visiwani kwa kawaida ni safi zaidi.

Rangi za dukani si lazima. Hina inashika singa nyeupe za mbuzi na manyoya meupe kama inavyoshika nywele, na inatoa rangi ya chungwa iliyokolea ambayo haitoki kwa maji ya chumvi. Bakuli la hina lililobaki baada ya shughuli ya arusi linatosha kutia rangi mikia kadhaa. Manjano nayo hutoa njano kali, ila jua huifubaza. Zioshe na kuzianika kivulini, na usitarajie idumu msimu mzima.

Kupata vifaa

Huku tunakula kuku na mbuzi, kwa hiyo mtu angedhani vifaa viko kila jiko. Mbuzi ni kweli. Idd-ul-Hajj ikifika mikia inatupwa, na ndevu za beberu, ndefu na laini kuliko singa za mkia, zinatupwa pamoja nayo. Toa mfupa wa mkia, paka chumvi ndani ya ngozi, anika kivulini siku kadhaa, kisha osha kwa sabuni. Mkia mmoja hufunga jigi nyingi.

Kuku ni tatizo lisilotarajiwa. Kuku wa gredi huchinjwa akiwa na wiki chache tu. Manyoya yake hayajakomaa na ya shingoni hayafai kitu. Unahitaji jogoo wa kienyeji aliyekula chumvi, mwenye shingo na mgongo uliojaa, na jogoo wa namna hiyo hachinjwi kila siku. Ukisikia kuna hitima au arusi yenye majogoo wa nyumbani, nenda mapema kabla maji ya moto hayajamiminwa, kwa sababu manyoya yaliyonyonyolewa kwa maji ya moto hupinda na kukatika. Kwa upande wa upatikanaji basi, kwa Lamu, singa ni rahisi kuliko manyoya mazuri.

Usivuke mpaka kwenda porini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inafanya kuwa kosa kumiliki sehemu ya mnyamapori bila kibali, na hilo ni pamoja na unyoya wa korongo au mkia wa paa uliookotwa. Paa nunga, aliyebaki katika misitu ya Boni na Dodori na ile ya Arabuko-Sokoke, ni adimu kiasi cha kwamba mtu asiulize hata kwa mzaha. Manyoya laini yanayouzwa ng'ambo kwa jina la marabou siku hizi hutoka kwa bata mzinga, kwa hiyo hata wao hawana haja ya korongo.

Vivyo hivyo mahali pa kuvulia. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa 1968, hakuna kuvua kwa jigi wala kwa chochote. Maeneo ya akiba kama Kiunga, tangu 1979, yanaruhusu uvuvi kwa masharti. Mgeni na aanze kwa kuuliza BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya bandari anayotokea kabla hajatweka tanga.

Risasi

Atakayemimina vichwa mwenyewe ajue mambo mawili. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, na tone moja la maji ndani ya kalibu hugeuka mvuke ghafla na kukurushia risasi usoni. Kalibu iwe kavu kabisa. Ya mchanga mbichi ni hatari. La pili ni sumu. Yeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni, mbali na sufuria za chakula na mbali na watoto, na usithubutu kupasua betri za gari kutafuta risasi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kiliwafanya nini. Zile risasi za kubalansia magurudumu gereji ni salama zaidi kuzishughulikia, na zinatosha.

Kama utafunga moja tu

Nikilazimishwa kumpa mtu jigi moja ya Lamu, nitampa ya gramu 40, singa nyeupe za mbuzi, na manyoya mawili ya mgongoni ya jogoo yaliyofungwa kwanza chini yake, moja kila upande, yakipita singa kwa sentimita 3 tu. Singa huyashikilia manyoya yasijiviringishe kwenye mpindo. Manyoya huipa jigi mkia unaocheza ikivutwa. Nyuma ya mashua haitaifikia ile ya manyoya matupu, na kwenye mkondo mkali itazidiwa kidogo na ile ya singa chache. Lakini anayetoka asubuhi akirambaza mpaka nje ya Shela, akatia nanga maji yakisimama, kisha akarudi akirambaza, hahitaji kubadilisha chochote ila urefu wa mshipi.

Funga singa kwa mafungu madogo manne hadi sita kuizunguka shingo ya kichwa, si fungu moja kubwa, kwa maana singa za mbuzi huteleza na uzi hauwezi kuzibana za katikati. Tia tone la supaglu kwenye mashina kabla ya kukaza, malizia kwa fundo la kujifunga lenyewe mara mbili, kisha rangi ya kucha juu ya uzi, tabaka mbili. Kama huna jiriwa, shika ndoana kwa koleo na ufunge mpini wake kwa mpira.

Ukirudi, suuza kwa maji matamu na uzianike kivulini zikining'inia kwa kitundu, ili vazi likauke likiwa limenyooka. Usizifungie koponi zikiwa na unyevu, ndoana itakula kutu hadi kwenye uzi. Zikikauka, tia majani makavu ya mwarobaini ndani ya kopo. Nondo hula singa na manyoya bila kubagua.